Kodi ya Miezi Sita Si Kinga ya Nyumba

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anapopangisha fleti yake huwa na hofu moja inayozizidi nyingine zote: mpangaji asiyelipa. Hofu hiyo ndiyo iliyotuletea desturi ya kudai kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajakabidhiwa funguo. Juu yake huongezwa amana ya mwezi mmoja kwa ajili ya uharibifu, na mkataba husainiwa mbele ya wakili au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Yakishakamilika hayo, mwenye nyumba hujiona amejilinda.

Amejilinda kweli, ila dhidi ya hasara iliyo ndogo. Mpangaji wa kodi ya shilingi 600,000 akikaa miezi 3 bila kulipa, hasara ni shilingi milioni 1.8. Inauma, lakini haimfilisi mtu. Moto ukianzia jikoni kwa mpangaji huyohuyo ukala dari, milango, nyaya na madirisha, hasara inahesabika kwa makumi ya milioni. Kodi inakatika siku hiyohiyo kwa sababu hakuna anayelala kwenye masizi, na jirani wa ghorofa ya juu ambaye moshi umemharibia makochi anataka kujua nani atamlipa. Kwa hasara ya aina hii, kodi ya miezi 6 haisaidii kitu. Tena mpangaji atakuwa na haki ya kudai arudishiwe ile miezi ambayo hajaikaa.

Mwenye fleti moja tu, hata aliyeijenga kwa kiinua mgongo au kuinunua kwa mkopo wa benki, anapopangisha anakuwa mfanyabiashara, na biashara yake ina mambo matatu yanayoweza kumponyoka: jengo lenyewe, kipato kinachotokana nalo, na fedha ambazo watu wengine wanaweza kumdai kwa madhara yaliyotokea ndani yake. Kila moja lina kinga yake ya bima, na kinga hizo hazibebani. Anayenunua moja akidhani amenunua zote tatu ataujua ukweli siku ya maafa.

Jengo: moto peke yake hautoshi

Bima ya msingi ya nyumba katika soko letu ni bima ya moto. Kwa kawaida inabeba moto, radi, na mlipuko wa gesi ya matumizi ya nyumbani. Watu wengi huishia hapo kwa sababu benki iliyowakopesha iliwataka wawe na "bima ya moto", wakalipa, wakaweka karatasi kwenye faili.

Lakini nchi hii inajua hatari nyingine. Desemba 2011 mvua ziliifurika Dar es Salaam, Jangwani na mabonde mengine yakageuka mto, watu zaidi ya 40 wakafa na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, na maelfu ya nyumba za Bukoba na vijiji vya jirani zikabomoka au kupasuka. Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Mafuriko, dhoruba na tetemeko ni hatari ambazo bima ya moto haizibebi zenyewe. Zinaongezwa moja moja au kwa fungu, kwa malipo ya ziada, na lazima zionekane zimeandikwa kwenye mkataba.

Fungu hilo la nyongeza huwa na dhoruba na mafuriko, kupasuka kwa mabomba na matangi ya maji, gari kuigonga nyumba, tetemeko, na uharibifu wa makusudi. Ghasia na machafuko ya kisiasa yaulizwe peke yake. Baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wafanyabiashara wengi waliochomewa mali walikwenda kudai fidia wakaambiwa bima zao za moto hazikugusa machafuko ya kisiasa. Tangu hapo kinga hiyo inauzwa Kenya kama bidhaa inayojitegemea. Hapa kwetu nako, swali hilo mwulize wakala uso kwa uso, na jibu alitoe kwa maandishi.

Yapo pia yasiyobebwa hata ukiongeza mafungu yote. La kwanza ni uchakavu. Bomba lililooza, bati lililokula kutu, ukuta uliokuwa ukipasuka polepole kwa miaka, vyote hivyo ni kazi ya mwenye nyumba na fundi wake. Wanaopangisha nyumba za zamani Upanga, Kariakoo au Mji Mkongwe wa Zanzibar wanapaswa kulizingatia hili zaidi kuliko wote. Sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, kila mtu aliona umri unachoweza kulifanya jengo la mawe. La pili ni kasoro za ujenzi. Jengo likianguka kwa sababu ya msingi mbovu au ukarabati uliofanywa ovyo, bima ya kawaida ya moto hailijibu. Kazi za ujenzi na ukarabati mkubwa zina bima yake, na mwenye nyumba anayevunja kuta au kuongeza ghorofa ahakikishe mkandarasi wake anayo kabla nyundo ya kwanza haijapigwa.

La tatu ni umeme, na hapa wengi huteleza. Bima nyingi za moto zina kipengele kinachosema kwamba kifaa cha umeme kikiungua chenyewe kwa hitilafu ya umeme, kifaa hicho hakilipwi. Kiyoyozi kikiungua kwa sababu umeme wa TANESCO ulirudi na nguvu kubwa, hiyo ni hasara yako. Moto ukitoka kwenye kiyoyozi ukashika pazia na dari, pazia na dari vinalipwa kwa anayevikatia bima. Anayetaka kifaa chenyewe kilipwe atafute kinga ya vifaa vya umeme, kisha alinganishe ada yake na bei ya kifaa cha kudhibiti umeme.

Bei ya soko si bei ya bima

Kosa linalowagharimu wenye nyumba fedha nyingi kuliko yote liko kwenye namba moja: thamani wanayoiandika. Wapo wanaoandika bei ambayo nyumba ingeuzwa leo. Bei hiyo ina ardhi ndani yake, na kiwanja hakiungui. Ukifanya hivyo kwa nyumba ya Masaki au Oysterbay, utalipia bima ya ardhi miaka yote bila faida. Wapo upande wa pili, na hawa ndio wengi, wanaoandika thamani ndogo ili ada ipungue. Wengine huandika tu kiasi cha mkopo walichobakiza benki.

Thamani inayotakiwa ni gharama ya kuijenga upya nyumba ileile leo, pamoja na kusafisha kifusi, na malipo ya msanifu na mkadiriaji majenzi. Ukiandika pungufu, mikataba mingi ina kanuni ya kulipa kwa uwiano. Tuseme fleti yako ingegharimu shilingi milioni 120 kuijenga upya, wewe ukaikatia bima ya milioni 60. Jiko linaungua na hasara inatathminiwa kuwa milioni 20. Wengi wanadhani kwa kuwa milioni 20 iko chini ya milioni 60, watalipwa yote. Hapana. Umekatia nusu ya thamani, kwa hiyo unachukuliwa kuwa umejibebea mwenyewe nusu nyingine, na kampuni italipa milioni 10. Kutoka hapo itaondolewa sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema mwenye bima huibeba mwenyewe katika kila dai.

Ada nayo itazamwe kwa namba. Hukokotolewa kwa asilimia ya thamani iliyoandikwa, na nyumba za makazi huwa na viwango vya chini kuliko maduka na viwanda. Kwa mfano wa hesabu tu, kiwango kikiwa asilimia 0.2, fleti ya milioni 120 inalipiwa shilingi 240,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya serikali, wakati fleti ya milioni 60 inalipiwa 120,000. Yule aliyeandika nusu aliokoa 120,000 kwa mwaka, akapoteza milioni 10 kwa usiku mmoja. Bei za saruji, nondo na vigae hazikai mahali pamoja, kwa hiyo thamani hiyo ipitiwe upya kila bima inapohuishwa.

Fleti haina kuta za mtu mmoja

Aliye na nyumba yake kwenye kiwanja chake ana kazi nyepesi. Mwenye fleti ana swali la ziada: mwisho wangu uko wapi? Tanzania Bara tuna sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake, huku ngazi, paa, lifti, matangi, bustani na maegesho vikiwa mali ya pamoja inayosimamiwa na chama cha wamiliki. Kenya ilitunga upya sheria yake ya umiliki wa aina hii mwaka 2020, nayo inavitaka vyombo vya wamiliki vilikatie jengo zima bima.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa wakala, mwenye fleti aanze kwa uongozi wa chama chake. Aulize kama jengo lina bima ya pamoja, ni ya thamani gani, inabeba hatari zipi, na ilihuishwa lini. Aombe nakala, asiridhike na jibu la mdomo. Kama bima ya pamoja ipo na inatosha, kuta na paa vimeshakatiwa. Akinunua tena bima ya jengo lilelile atalipa mara mbili, lakini hatafidiwa mara mbili, kwa sababu fidia ya mali inamrudisha mtu alipokuwa, haimtajirishi. Yeye atanunua kilichobaki: makabati aliyoyafunga, samani zake, kodi itakayopotea, na dhima yake kwa majirani.

Kama bima ya pamoja haipo, hapo ndipo penye hatari kubwa. Ukikata bima ya fleti yako peke yako kwenye ghorofa ya pili, na paa na ngazi za jengo zikaungua, fidia yako haiwezi kujenga paa la watu 16. Utakuwa na fedha mkononi na chumba kisicho na njia ya kukifikia. Michango ya chama hutumika kwa taka, mlinzi na umeme wa pampu, na bima huachwa hadi mwakani. Ajenda hii inastahili kutangulia rangi ya geti katika mkutano mkuu wowote wa wamiliki.

Kodi iliyokatika

Kinga ya pili ni ya kipato. Inaitwa bima ya upotevu wa kodi ya pango, na huuzwa kama nyongeza ya bima ya jengo. Inalipa kodi ambayo mwenye nyumba angeipokea katika kipindi ambacho nyumba haikaliki kwa sababu ya hatari iliyokatiwa bima. Kipindi huchaguliwa wakati wa kununua, mara nyingi miezi 6 au 12.

Uchaguzi wa kipindi ndio unaohitaji akili. Watu huhesabu muda wa fundi kupaka rangi. Hawahesabu wiki za mtathmini wa hasara kufika na kuandika ripoti, muda wa kukubaliana kiasi cha fidia, kibali cha ujenzi, na muda wa kumpata mpangaji mpya. Kwa fleti iliyoungua vibaya, miezi 6 inakwisha haraka. Aliyekopa benki, na ambaye kodi ndiyo inayolipa rejesho la kila mwezi, asichukue kipindi kifupi, kwa sababu benki haitasubiri rangi ikauke.

Bima hii hailipi kodi ya mpangaji aliyegoma kulipa, wala ya fleti iliyokosa mpangaji kwa sababu soko ni baya. Uingereza kuna bima ya mpangaji asiyelipa, inayouzwa kwa sharti kwamba kipato na historia ya mpangaji vimechunguzwa kabla hajaingia, na mara nyingi hufungwa pamoja na gharama za wakili. Kwetu kazi hiyo imebebwa na kodi ya mbele, yaani imebebwa na mfuko wa mpangaji.

Madhara kwa watu wengine

Kila mwenye gari anajua kwamba bima ndogo, ile ya lazima kisheria, haimlipi yeye bali wale aliowadhuru. Kwenye nyumba hakuna sheria inayomlazimisha mwenye fleti kuwa na kinga kama hiyo, ndiyo maana inasahaulika. Wakati huohuo ndiyo kinga yenye hasara isiyo na kikomo, kwa sababu jengo lina bei yake, lakini jeraha la mtoto aliyeanguka kutoka kwenye roshani yenye chuma kilichokatika halina bei inayojulikana kabla ya hukumu.

Tazama tukio dogo lililo la kawaida katika maghorofa yetu. Chini ya sinki la jikoni kuna ule mpira mfupi unaounganisha bomba na koki. Mpangaji wa ghorofa ya tatu alimtumia mwenye nyumba ujumbe wa WhatsApp na picha: "Shikamoo mama, huu mpira umeanza kuvuja, naomba utume fundi." Mama mwenye nyumba akajibu, "Marahaba mwanangu, nitamtuma." Fundi hakutumwa. Desemba mpangaji akasafiri kwenda kwao, mpira ukapasuka usiku, pampu ya jengo ikaendelea kusukuma maji hadi asubuhi. Maji yalipita kwenye vigae, yakashuka kwenye dari la jipsamu la ghorofa ya pili, yakaanguka juu ya televisheni na kuvimbisha makabati.

Hapo kuna hasara nne, na kila moja ina njia yake. Mpira wenyewe haulipwi na mtu, ni uchakavu. Sakafu na makabati ya ghorofa ya tatu yanalipwa na bima ya jengo kama kupasuka kwa mabomba kuliongezwa kwenye mkataba. Vyombo vya mpangaji aliyesafiri vinalipwa na bima ya mpangaji mwenyewe, kama anayo. Dari na televisheni ya jirani wa chini vinaangukia kwenye dhima ya mwenye nyumba, na ule ujumbe wa WhatsApp ndio ushahidi kwamba alijua akazembea. Mwenye kinga ya dhima ataipeleka barua ya madai kwa kampuni yake ya bima, ambayo itajadiliana, itamtetea na kulipa hadi ukomo ulioandikwa. Asiye nayo atalipa mwenyewe. Kinga hiyo haimpi ruhusa ya kuzembea, kwani mikataba yote inamtaka mwenye bima achukue tahadhari za kawaida, na uzembe wa makusudi unaweza kuizika fidia yote.

Wapo pia wanaomfanyia kazi. Mwenye nyumba aliyeajiri mlinzi au msafishaji ni mwajiri. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mwajiri anapaswa kujisajili na kuchangia. Mlinzi akijeruhiwa na majambazi getini, bima ya moto haina la kusema.

Sehemu ya nani ni ipi

Wakenya wana mpangilio unaosaidia kuelewa hesabu hii, hata kwa anayenunua bima Mwanza au Arusha. Bima yao ya makazi hugawanywa kwa herufi: A ni jengo, B ni vitu vya ndani, C ni vitu vya thamani vinavyobebwa nje, D ni wafanyakazi wa nyumbani, E ni dhima ya mwenye jengo, F ni dhima ya anayeishi ndani. Mwenye nyumba anayepangisha anahitaji A na E, na D kama ana mlinzi. Mpangaji anahitaji B na F. Kifurushi kizima kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo mwenye nyumba anayekinunua chote atalipia vitu visivyo vyake, na mpangaji atabaki akiamini kwamba "bima ya mwenye nyumba" itamlipia friji lake. Haitamlipia.

Aliyepangisha fleti yenye samani ana sehemu ya B pia, kwa vile vitanda, makochi na majiko ni mali yake. Afanye orodha, apige picha kila chumba, ahifadhi risiti, na orodha hiyo isainiwe na mpangaji siku ya kuingia. Karatasi hiyohiyo itatumika kwa mtathmini wa hasara na kwa kurudisha amana mpangaji anapohama.

Andika ukweli kwenye fomu

Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu kuliko mikataba mingine ya biashara. Anayeomba bima anatakiwa kueleza kila jambo ambalo lingeibadilisha kampuni mawazo kuhusu kukubali hatari au kiwango cha ada, hata kama hakuulizwa kwa maneno hayohayo. Ukiandika kwamba unaishi humo mwenyewe, kumbe umepangisha, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai lako. Ukiandika makazi, kumbe chini kuna saluni au jiko la mama lishe anayepikia watu 100, umefanya vilevile.

Mabadiliko ya katikati ya mwaka nayo yatolewe taarifa. Mpangaji akihama na fleti ikabaki tupu, bima nyingi hupunguza au kusimamisha baadhi ya kinga baada ya siku 30 hivi, hasa wizi, maji na uharibifu wa makusudi. Na sasa wenye fleti wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wanahamia kupangisha kwa siku kupitia Airbnb, na Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mgeni wa siku 3 ni hatari nyingine kabisa mbele ya kampuni ya bima kuliko familia yenye mkataba wa mwaka. Anayefungua mlango kwa wageni wa siku bila kuiambia kampuni yake anamiliki nyumba ambayo huenda haina bima tena.

Kununua na kudai

Bima ya nyumba hununuliwa moja kwa moja kwenye kampuni, kwa wakala, kwa dalali wa bima, au kwenye tawi la benki lililosajiliwa kuuza bima. Wakala anaiwakilisha kampuni, dalali anamwakilisha mteja, na tofauti hiyo inafaa kukumbukwa unapoomba ushauri. Wote wanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya sheria ya mwaka 2009, na uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa mamlaka hiyo mtandaoni. Hakiki kabla hujaondoka dirishani. Lipa pia kabla hujaondoka, kwa sababu bima haianzi mpaka ada ipokelewe. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haimlindi mtu.

Waislamu wasioridhika na bima ya kawaida kwa sababu ya riba na gharari, yaani shaka iliyopindukia ndani ya mkataba, wana takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana na kampuni huusimamia kwa malipo yanayojulikana. Kenya kuna kampuni ya takaful tangu 2011, na Zanzibar shirika la bima la serikali, ZIC, limeanzisha huduma hiyo. Maswali ya kuuliza ni yaleyale: hatari zipi, thamani gani, ukomo wa dhima ni kiasi gani.

Siku ya maafa, jambo la kwanza ni watu: piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, zima umeme na gesi, ondoa watu. Kisha zuia hasara isiendelee, kwa kufunga maji au kufunika paa, maana mwenye bima ana wajibu huo. Piga picha kabla ya kusafisha. Iarifu kampuni siku hiyohiyo, chukua RB polisi na ripoti ya Zimamoto, na usianze ukarabati wala kukiri kosa kwa jirani kabla kampuni haijakuona. Ukikataliwa dai na hukubaliani, omba sababu kwa maandishi, zikionyesha kifungu cha mkataba. Hatua inayofuata ni TIRA au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa ili mwananchi asilazimike kuanza na mahakama.

Haki ya mpangaji

Kuna mtu mmoja ambaye mazungumzo haya yote humsahau, naye ndiye anayelipa. Kampuni ya bima ikishamlipa mwenye nyumba, inachukua haki yake ya kumdai aliyesababisha hasara. Mpangaji aliyesahau sufuria jikoni anaweza kujikuta anadaiwa na kampuni ambayo hakuwahi kuisikia, ilhali kodi yake ndiyo iliyolipia ile ada. Dawa ipo na haina gharama kubwa: mwenye nyumba aiombe kampuni iandike kwenye mkataba kwamba haitamdai mpangaji isipokuwa kwa kosa la makusudi, na mkataba wa pango useme wazi nani anabeba bima ya nini.

Mwenye fleti aliyekata bima ya jengo, ya kodi na ya dhima hana tena sababu ya kushikilia fedha ya mtu ya miezi 6 kana kwamba ndiyo kinga yake pekee. Anaweza kupokea kodi ya miezi 2 au 3 na amana, na akapata wapangaji wazuri zaidi: mwalimu mpya kazini, muuguzi aliyehamishwa kituo, kijana mwenye mshahara wa kila mwezi asiye na milioni 4 za kutoa kwa siku moja. Amana itengeneze koki iliyovunjwa na kodi ilipie makazi, na maafa yaachiwe bima. Wenye nyumba wanaokutana katika vyama vyao vya majengo wanaweza kulianza hili mwaka huu, jengo moja baada ya jingine, bila kusubiri sheria iwalazimishe.